Nairobi Inaishia Wapi? Kuielewa Mipaka ya Jiji na Viunga Vyake

Mtu akikwambia Nairobi ina watu milioni 4.4, amesema kweli. Akitokea mwingine akashikilia kwamba ni zaidi ya milioni 10, naye pia hajakosea. Wa kwanza amesoma matokeo ya sensa ya 2019 ya Kaunti ya Nairobi pekee: watu 4,397,073. Wa pili amejumlisha kaunti tano, yaani Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, ambazo katika sensa hiyo hiyo zilikuwa na watu 10,411,220. Wawili hawa wanaweza kubishana mchana kutwa wasielewane, kwa sababu kila mmoja ana mpaka wake kichwani na hakuna aliyeutaja.

Nairobi haiko peke yake katika hili. Novemba 2025 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti kuhusu miji ya dunia, na Jakarta ya Indonesia ikaibuka ya kwanza kwa wingi wa watu, karibu milioni 42, ikaipiku Tokyo iliyoshikilia nafasi hiyo kwa miongo kadhaa. Si kwamba mamilioni ya watu walihamia Jakarta ghafla. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu. Badala ya kufuata mipaka ambayo kila serikali imejichorea, wataalamu waliigawa ramani ya dunia katika vipande vya kilomita moja ya mraba, wakaunganisha vipande vinavyopakana vyenye watu wasiopungua 1,500 kila kimoja, na kila fungu lililofikisha watu 50,000 likahesabiwa kuwa jiji. Kwa kipimo hicho Jakarta haikukomea tena pale ilipokomea kwenye sheria. Ilishikana na majirani zake, Depok, Tangerang, Bekasi na wengineo, ikahesabiwa kitu kimoja.

Kwetu suala hili linagusa mfuko na maisha ya kila siku. Kuna aliyeweka akiba yake yote kwenye ploti kwa sababu tangazo liliandika "Nairobi". Kuna mtoto aliyenyimwa basari ya wadi kwa kuwa mzazi wake anafanya kazi upande mmoja wa mpaka na kulala upande wa pili. Na kila inapozuka habari kwamba Nairobi itapanuliwa au itawekwa chini ya mamlaka mpya, hofu na uvumi husambaa kabla ya maelezo kufika.

Kwanza, maneno yenyewe

Nairobi ya sheria ni ile yenye gavana na bunge la kaunti. Ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 696, maeneo bunge 17 na wadi 85. Tangu Katiba ya 2010, jiji na kaunti hapa ni kitu kimoja, na mpaka wake unajulikana.

Viunga ni miji na mitaa iliyo nje ya mpaka huo lakini maisha yake yamefungamana na jiji: Ongata Rongai, Kitengela na Ngong upande wa Kajiado; Mlolongo, Syokimau na Athi River upande wa Machakos; Ruiru, Juja, Ruaka na Kikuyu upande wa Kiambu. Huko kuna magavana wengine, leseni nyingine na kodi nyingine ya ardhi.

Eneo la metropolitani ni jiji na viunga vyake vikitazamwa kwa pamoja. Halina gavana, halina bunge, na hakuna anayelipigia kura. Ni duara linalochorwa kwa ajili ya kazi fulani, kwa mfano kupanga usafiri, kugawa maji au kuhesabu watu, na kazi ikibadilika duara nalo hubadilika.

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa kuwa tumezoea kudhani kila mahali pana mpaka mmoja wa kweli. Lakini fikiria unapoulizwa, "Familia yenu ina watu wangapi?" Akikuuliza mwenye nyumba, utataja wanaolala humo ndani. Kwenye fomu ya bima ya afya utaandika mwenzi wako na watoto. Ikija shughuli ya mahari, orodha inaanza upya, na wajomba, mashangazi na binamu kutoka ushago wote wamo. Orodha zote tatu ni za kweli. Taabu huanza pale orodha ya mahari inapopelekwa kwa mwenye nyumba, na mjadala wetu kuhusu Nairobi umejaa makosa ya aina hiyo.

Mpaka wa sheria ulikotoka

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni iliupa mji mpaka wake wa kwanza: duara la maili moja na nusu kutoka ofisi ya msaidizi wa kamishna wa Mkoa wa Ukamba. Hilo ni eneo lisilofika kilomita za mraba 20. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 lilikuwa limepanuliwa hadi kama kilomita za mraba 77. Kisha mwaka 1963, mwaka wa uhuru, mpaka ukasukumwa kwa mkupuo mmoja hadi karibu kilomita za mraba 690, ukameza Dagoretti, Karen na Lang'ata, Embakasi na maeneo mengine, pamoja na Mbuga ya Taifa ya Nairobi yenye kilomita za mraba 117. Maana yake ni kwamba karibu sehemu moja kwa sita ya jiji ni makazi ya simba, vifaru na twiga.

Tangu hapo mpaka huo haujabadilika kwa maana ya kutajika. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 ndani yake. Miaka 50 baadaye walikuwa wameongezeka zaidi ya mara nane. Waliochora mstari wa 1963 waliacha nafasi ya kutosha kwa mji waliokuwa wakiuona, na kwa muda mrefu nafasi hiyo ilitosha kweli: Kasarani, Kayole na Utawala zilijengwa ndani ya mpaka. Baadaye nafasi ikawa ghali, na watu wakavuka.

Na wamevuka kwa kasi kubwa. Kati ya sensa ya 2009 na ya 2019, idadi ya watu Nairobi iliongezeka kwa asilimia 40. Kiambu iliongezeka kwa asilimia 49, na Kajiado kwa asilimia 63. Ruiru, ambayo wengi bado huitaja kama kituo cha njiani kuelekea Thika, ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 490,000 mwaka 2019, ikawa mji wa nne kwa ukubwa nchini, mbele ya Eldoret na Kisumu. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2024, lakini Ruiru bado haina uzito wa aina hiyo katika mazungumzo yetu, kwa kuwa tunaiona kama kivuli cha Nairobi. Nadhani huku ni kuwakosea watu nusu milioni.

Katiba ya 2010 ilipounda kaunti 47, ilifuata mipaka ya wilaya za sheria ya 1992. Kwa hiyo ugatuzi uliikuta mipaka ya zamani ikakabidhiwa serikali mpya zenye bajeti, wabunge wa kaunti na wakusanya ushuru. Mstari ambao hapo awali ulitenganisha mabaraza mawili chini ya wizara moja sasa unatenganisha serikali mbili kamili.

Githurai, pande mbili za barabara

Ukitaka kuuona mpaka huu kwa macho, shuka Githurai kwenye Barabara Kuu ya Thika. Pana Githurai 44 na Githurai 45, majina yaliyotokana na nambari za njia za matatu. 44 inahesabiwa Nairobi. 45 ni Kiambu, upande wa Ruiru. Mama mboga aliyetandaza sukuma wiki na nyanya zake 45 hulipa ushuru kwa Kaunti ya Kiambu. Mwenzake aliyejipanga 44 huangalia asije akakamatwa na kanjo, yaani askari wa kaunti, wa Nairobi. Wateja wao ni wale wale, wafanyakazi wanaoshuka matatu saa moja jioni, wananunua mboga upande ule wenye bei nafuu, kisha wanavuka kwenda kulala. Mtaro ukiziba hapo, mkazi lazima kwanza ajue umeziba kwenye kaunti gani ndipo ajue ofisi ya kulalamikia. Jengo refu likiota bila idhini, wakaguzi wa upande mmoja hawana amri upande wa pili hata kama wanaliona dirishani.

Kwa anayepita kwa ndege juu, Githurai ni mji mmoja. Hii ndiyo namna ya pili ya kuchora mpaka: kufuata majengo. Pale nyumba zinapofululiza bila kukatika, mji unaendelea. Zinapokatika, mji umeisha. Vipande vya kilomita moja vya Umoja wa Mataifa vinafuata mantiki hii. Kwa Nairobi, mji wa namna hiyo unanyooka kama vidole kufuata barabara kuu: kupitia Ruiru na Juja hadi Thika, kupitia Kinoo na Muthiga hadi Kikuyu, kupitia Mlolongo hadi Athi River na Kitengela, na kuvuka Mto Mbagathi hadi Rongai. Katikati ya vidole bado kuna mashamba, malisho na mbuga.

Kipimo cha majengo kina kasoro yake pia. Kikikuta mbuga au shamba kubwa la kahawa, kinasema mji umeisha, wakati matatu za Rongai zinapita ukingoni mwa mbuga hiyo hiyo kila dakika chache zikiwa zimejaa.

Kufuata watu badala ya nyumba

Ndiyo maana nchi nyingi huongeza kipimo cha tatu: watu wanalala wapi na wanafanya kazi wapi. Marekani huhesabu kaunti jirani kuwa sehemu ya eneo la jiji ikiwa angalau asilimia 25 ya wafanyakazi wanaoishi humo huenda kufanya kazi katika kaunti za katikati, au ikiwa kiwango kama hicho cha ajira zake kinashikwa na watu wanaotoka huko. Ufaransa hutumia asilimia 15 kwa wilaya zake ndogo. Mpaka unatoka kwenye safari za watu.

Kwa kipimo hiki, anayejua Nairobi anaweza kuanza kuchora ramani kwa nambari za matatu: 125 kwenda Rongai, 111 kwenda Ngong, 237 kwenda Thika. Ukisimama steji ya Rongai saa kumi na moja alfajiri utaona foleni ya walinzi, wauguzi, wapishi wa hoteli na makarani, wote wakielekea kaunti ambayo hawaipigii kura. Jioni wanarudi. Nairobi inapata jasho lao la mchana na ada ya matatu wanazopanda, ilhali shule za watoto wao, zahanati na barabara za mtaani ni mzigo wa Kajiado. Sensa huwahesabu pale walipolala, na fedha zinazogawiwa kaunti kutoka serikali kuu hutegemea sana idadi ya watu. Kwa hiyo kila kaunti ina sababu ya kutaka watu walale kwake, lakini hakuna iliyo na sababu nzito ya kugharamia safari yao.

Barabara ya haraka ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2022 ni ushahidi mwingine. Ina urefu wa kilomita 27, na inaanzia Mlolongo, ambayo iko Machakos, hadi Westlands. Mradi mkubwa kuliko yote wa barabara katika jiji unaanzia nje ya jiji, kwa sababu msongamano unaanzia huko.

Maji yanatoka wapi, taka zinaenda wapi

Kipimo kinachosahaulika kabisa ni kile cha mahitaji. Nairobi haijitoshelezi kwa maji. Bwawa la Ndakaini, linalobeba sehemu kubwa kabisa ya maji ya jiji, liko Gatanga katika Kaunti ya Murang'a. Lilikamilika mwaka 1994 na linahifadhi mita za ujazo milioni 70. Sasumua iko Nyandarua. Bwawa la Ruiru na chemchemi za Kikuyu ziko Kiambu. Ukifungua mfereji Buruburu, unakunywa mvua ya Aberdare iliyopita katika kaunti mbili au tatu kabla ya kukufikia.

Ndipo unapoelewa kwa nini handaki la Northern Collector, lenye urefu wa kilomita 11.8, lilizua mvutano mkali. Handaki hilo linachota maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka Ndakaini. Viongozi na wakazi wa Murang'a waliuliza: mito ikipungua, tutakunywa nini? Na kama maji yetu yanauzwa Nairobi, fungu letu liko wapi? Nairobi nayo ilikuwa na mitaa inayopata maji kwa zamu. Wote walikuwa na hoja, lakini hapakuwa na meza moja inayowawajibisha wote wawili, kila upande ukabaki kuzungumza na serikali kuu.

Tufuate sasa maji yakitoka. Mto Nairobi unapita katikati ya jiji, unapokea majitaka na taka za mitaani, kisha unaingia Mto Athi. Ukienda Maporomoko ya Fourteen Falls, karibu na Ol Donyo Sabuk, utakuta chupa za plastiki na povu vimekwama kwenye miamba, na maji meusi yenye harufu yakishuka katikati yake. Wanaoishi hapo hawakuzitupa chupa hizo, na kaunti yao haina amri juu ya waliozitupa. Athi inaendelea kupitia Machakos na Makueni, ambako watu wanamwagilia mboga, inageuka Galana, kisha Sabaki, na kuingia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi. Kwa kipimo cha uchafu, Nairobi inafika Pwani.

Hata wafu wamevuka mpaka. Makaburi ya umma ya Lang'ata yalitangazwa kujaa tangu miaka ya 1990, na baraza la jiji la wakati huo likaenda kununua ardhi ya makaburi Mavoko, Machakos, ununuzi uliogeuka kashfa na kuishia mahakamani.

Wanyama nao wamo katika hesabu hii. Upande wa kusini wa Mbuga ya Nairobi umeachwa wazi kwa miaka mingi ili nyumbu na pundamilia wapite kwenda nyanda za Kitengela na Athi-Kapiti wakati wa mvua. Kila ploti inayozungushiwa ua upande wa Kajiado inabana njia hiyo. Mbuga iko Nairobi, lakini uhai wake unategemea maamuzi ya ardhi yanayofanywa kaunti jirani.

Duara la 2008 na duara la 2017

Serikali imewahi kujaribu kuchora eneo la metropolitani. Mwaka 2008, chini ya serikali ya mseto, iliundwa Wizara ya Maendeleo ya Nairobi Metropolitani, waziri wake wa kwanza akiwa Mutula Kilonzo, na mpango wake ukaitwa Nairobi Metro 2030. Eneo lililochorwa lilikusanya mabaraza 15 ya serikali za mitaa na kufikia kilomita za mraba zipatazo 32,000.

Ukubwa huo unashinda Rwanda, na unashinda Burundi pia. Sababu yake ni rahisi: wachoraji walichukua mabaraza mazima mazima. Baraza la Kaunti ya Olkejuado lilipoingia kwa sababu ya Ngong na Rongai, liliingia na kila kilichokuwa chake, hadi Magadi, Namanga na Loitokitok iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro. Kwenye karatasi, mfugaji wa Amboseli akawa mkazi wa jiji kuu. Kiofisi hilo lilirahisisha kazi, kwa kuwa takwimu na bajeti hutolewa kwa mabaraza. Kwa mtu anayetaka kujua Nairobi inaishia wapi, lilikuwa jibu lisilo na maana. Wizara yenyewe haikuendelea baada ya serikali mpya kuingia mwaka 2013.

Februari 2017 likaja duara jingine. Iliundwa Mamlaka ya Usafiri ya Eneo la Nairobi Metropolitani, NaMATA, ikizihusisha kaunti tano zile zile nilizotaja mwanzoni. Hapa Murang'a iliingia rasmi, na ramani ya njia za mabasi ya mwendo kasi inasaidia kuelewa kwa nini. Njia hizo zilipewa majina ya wanyama wakubwa watano, Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Na njia ya Simba imepangwa kupita Ruiru na Thika hadi Kenol, ambayo ni Murang'a. Kwa upande mwingine, mji wa teknolojia wa Konza, unaotangazwa kama sehemu ya mustakabali wa Nairobi, umejengwa kwenye lililokuwa shamba la Malili huko Makueni, na Makueni haimo katika tano hizo. Nyandarua inayotoa maji ya Sasumua haimo pia. Kwa usafiri, kaunti tano zinaweza kutosha. Kwa maji, hazitoshi.

Yanayochanganywa

Mkanganyiko mkubwa ulitokana na jina. Februari 2020, gavana wa wakati huo Mike Sonko alitia saini kuhamishia serikali kuu majukumu manne ya kaunti: afya, usafiri, ujenzi wa umma, na mipango ya jiji. Ikaundwa idara ya NMS (Nairobi Metropolitan Services) chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi, na katika jina lake la Kiingereza mlikuwa na neno hilo la metropolitani. Wengi wakaamini ndiyo serikali ya Nairobi Kuu. Haikuwa hivyo. NMS ilifanya kazi ndani ya mpaka ule ule wa Kaunti ya Nairobi, haikuwa na mamlaka Ruaka wala Kitengela, na ilimaliza muda wake mwaka 2022.

Jingine ni kazi ya IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka. Tume hiyo inapofanya mapitio ya mipaka, inashughulika na maeneo bunge na wadi. Haiwezi kuihamisha Rongai kutoka Kajiado kwenda Nairobi.

Kisha kuna ploti. Matangazo yanasema "Nairobi Metropolitani, dakika 45 kutoka mjini," na mnunuzi anasikia Nairobi. Kabla ya kulipa hata amana, soma nambari ya ardhi kwenye hatimiliki. Huanza na jina la eneo la usajili. Ukiona Kajiado/Kaputiei-North, uko Kajiado. Ruiru/Ruiru East ni Kiambu. Ukiona Donyo Sabuk/Komarock, usidhani ni ile Komarock ya Eastlands. Hizo ni ardhi za Machakos, upande wa Barabara ya Kangundo, ambako Joska iko. Jina la kaunti ndilo litakaloamua utalipa wapi kodi ya ardhi, nani ataidhinisha ramani ya nyumba yako na basari ya mtoto utaomba ofisi gani. Na kama ardhi hiyo bado imeandikwa ya kilimo, mauziano yake yanahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, jambo ambalo aliyezoea kununua nyumba mjini mara nyingi halijui mpaka ameshatoa pesa. Kuwa ndani ya eneo la metropolitani hakukuletei maji ya Nairobi, wala mabomba ya majitaka, wala gari la taka.

Kwa nini wasiipanue tu?

Swali hili huulizwa kila mara, na mfano wa 1963 hutajwa. Lakini mwaka 1963 palitosha uamuzi wa serikali. Leo Kifungu cha 188 cha Katiba kinataka kwanza tume huru ipendekeze, kisha mabadiliko yapitishwe na angalau theluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa, na theluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Tume hiyo inapaswa kuzingatia wingi wa watu, miundombinu, historia na utamaduni, gharama za utawala na maoni ya jamii zinazohusika. Hata kama njia ingekuwa nyepesi, Kiambu haiwezi kutarajiwa kuiachia Ruiru yenye viwanda, nyumba na leseni, ibaki na mashamba ya chai peke yake. Kajiado bila Rongai, Ngong na Kitengela ingepoteza chimbuko kubwa la mapato yake, na jamii ya Wamaasai ina historia ndefu na chungu ya kupoteza ardhi kwa mistari iliyochorwa na wengine. Hofu yao ina msingi.

Mimi siungi mkono kuipanua Nairobi. Mpaka mpya ungejaa kama ule wa kale, na baada ya miaka 30 tungekuwa tunauliza swali lile lile tukiwa Kenol na Konza. Kinachohitajika ni vyombo vya pamoja, kimoja kwa kila kazi na kila kimoja na duara lake: cha usafiri kwa kaunti tano, cha maji kikiwa na Nyandarua ndani, cha mto kikienda na bonde la Athi. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 189, inaruhusu serikali kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Wanaoogopa kupoteza kaunti zao wasome kifungu hicho, kwa sababu hakimwondoi gavana yeyote.

Uganda nayo iliiona haja hii. Jiji la Kampala lina kilomita za mraba 189 tu, na sheria yake ya mwaka 2010 iliitaja mamlaka ya kupanga ardhi itakayoihusisha Kampala pamoja na wilaya za Wakiso, Mukono na Mpigi. Kuandika sheria hakukumaliza msongamano wa Kampala, lakini angalau majirani walitajwa kwa majina.

Chombo bila meno nacho hakifai. NaMATA ipo tangu 2017, na bado vituo vya mabasi ya mwendo kasi vilivyojengwa katikati ya Barabara Kuu ya Thika vilikaa miaka bila kupokea abiria. Mamlaka ya pamoja ikiwa haina fungu lake la fedha linalotoka kwa kila kaunti mwanachama, na haiwezi kuizuia kaunti yoyote kuidhinisha mtaa mpya pasipo barabara ya matatu wala majitaka, itabaki ofisi ya kuandaa warsha.

Na chombo chochote cha namna hiyo kitahitaji kujua watu wanakwenda wapi. Sensa ijayo inatarajiwa mwaka 2029. Pamoja na kuuliza ulilala wapi usiku wa sensa, karani aulize unafanya kazi au unasoma katika wadi gani, unafika huko kwa chombo gani, na unatumia muda gani njiani. Majibu yatolewe kwa umma hadi ngazi ya wadi, ili mkazi wa Kitengela, gavana wa Kajiado na mpangaji wa mabasi wawe wanatazama ramani moja. Maswali ya sensa hupangwa miaka kadhaa kabla, kwa hiyo wawakilishi wa kaunti hizi tano wanapaswa kulipeleka ombi hilo kwa Shirika la Takwimu la Kenya sasa.